Matairi ya Jeshi na Abiria Wanaodhani Nawahurumia

Bonga, Babati
2 Aprili

Mpendwa mshauri Mama Rahma, shikamoo. Naomba msaada wako, na kabla sijaanza naomba tena, ukiisoma barua hii hewani usinitaje jina wala usitaje mahali, kwa sababu mke wangu Mektilda hakosi kipindi chako hata akiwa na homa, na kaka yake Filbert ndiye aliyeifanya kazi ninayotaka kukueleza, kaifanya kwa moyo mweupe kabisa, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia aifanye.

Mimi ni mkulima wa mahindi na mbaazi, nina Landrova ya pikapu ya zamani aliyoniachia baba, na huku kwetu juu masika ikishika gari la kawaida halipandi, linaishia chini korongoni linazungusha magurudumu tu, na mwaka jana tulikaa wiki tatu nzima bila gari kufika, mbaazi zikaota ukungu ndani ya magunia, na mama mmoja mgonjwa akabebwa kwenye machela na wanaume wanane mpaka barabara kubwa, mvua inamnyeshea usoni. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wanane. Nikasema hili halitatokea tena, nikaenda Arusha kwa mtu anayeuza matairi yaliyotolewa kwenye magari ya jeshi, matairi mapana, meno yake unaingiza ngumi, nikachukua manne, kufika nyumbani hayaingii. Yanagusa kila mahali. Filbert akacheka akaniambia, "Shemeji, matairi hayana kosa, gari lako ndilo fupi, tulinyanyue."

Sasa Filbert alikuwa seremala kabla hajawa fundi wa magari, kwa hiyo alichonga vipande vinne vya mninga, vizuri mno, kavipiga na msasa kama anatengeneza kabati, akavipachika kati ya springi na ekseli, akakaza kwa bolti ndefu, akakata madigadi kwa msumeno, matairi yakaingia. Hakutaka chochote, alisema dada yake anakula kwangu. Na kweli kupanda linapanda, Mama Rahma, mimi sijawahi kuona, tope la magotini linapita kama limetandikiwa mkeka, watoto wakaliita Kifaru, na tangu hapo kila mtu wa huku anashuka mjini na mimi na kurudi na mimi.

Shida ni kushuka. Kuna mteremko mmoja unaitwa kwa Melkiadi, mrefu, una kona kali katikati na korongo chini, na wiki ya kwanza tu niliona nikikanyaga breki gari linafikiria kwanza ndipo linashika, halafu nikikata usukani mpaka mwisho nasikia tairi linakwaruza chuma, nikalala chini kuangalia nikakuta ule mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu la mbele umevutika, umekaza kama kamba ya mbuzi aliyemaliza majani, kwa sababu gari limepanda juu lakini mpira ni uleule wa zamani. Niliogopa kumwambia Filbert, kwa sababu sasa anajulikana kwa ile kazi, watu wanatoka mpaka Mutuka kuja kuitazama, na Mektilda kila akipita anaigusa anasema hii ni mikono ya kwetu.

Na hapa ndipo dhambi yangu ilipo. Nikifika juu ya mteremko nasimamisha gari nawaambia abiria, "Akina mama, shukeni, kuna utelezi, tupunguze uzito." Wanashuka, wanatembea kwa miguu, mimi nashuka na gari peke yangu gia namba moja huku nasali, nawasubiri chini. Wao wanadhani nawahurumia! Mama Ursula, bibi wa watu, kila tukifika chini ananishika mkono ananiambia, "Baba Vailet, Mungu akuzidishie, madereva wengine wangetuacha tufe humo ndani." Naitikia amina.

Jumanne iliyopita kwenye kona nilikanyaga breki ikaenda mpaka chini, mguu ukagota bati, hakuna kitu, nikaligeuza gari nikaliegemeza kwenye ukingo wa udongo upande wa juu, likakwaruza likasimama, na abiria waliponifikia wakacheka, wakasema leo umepaki vibaya. Nikacheka nao. Nikaongeza mafuta ya breki, nikapampu, ikashika, tukaendelea.

Ningeweza kuendelea kuwashusha hivyohivyo mpaka mvua ziishe, lakini kuna Xaveria, mke wa jirani yangu Theophil. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa upasuaji na nesi amemwambia safari hii asijaribu kujifungulia huku, ni hospitali mjini tu, na amemwandikia tarehe 24 ya mwezi huu. Theophil alikuja kwangu Jumapili baada ya ibada, amevaa koti, ameshika jogoo, akavua kofia akasema, "Jirani, uchungu ukianza nitakimbia kwako, wewe ndiye gari letu la wagonjwa." Nikapokea jogoo. Mama Rahma, mwanamke mwenye uchungu simwambii ashuke atembee, huyo atalala kwenye godoro nyuma na nitashuka naye kwa Melkiadi. Nikikataa nitasema sababu gani? Nikiyatoa matairi, gari halitapanda kumfuata. Nikimweleza Theophil, Filbert ameaibika na nyumba yangu itawaka moto. Jogoo yupo uani, anawika. Nisaidie, sijui nifanyeje, nakula siku moja nalala na njaa siku mbili.

Ni mimi mwenye wasiwasi.

Mama Rahma anajibu:

Marahaba, baba. Jina lako nimelificha, na majina ya watu wako wote nimeyabadilisha. Mahali sikuficha. Nimesoma Bonga, nimesoma kwa Melkiadi, nimesoma kwa sauti, na nimefanya makusudi. Ukasirike. Wapo akina mama wanaopanda hilo gari kesho asubuhi na wana haki ya kujua wanachopanda. Mama Ursula akija kukuuliza, usimwambie habari za utelezi. Mwambie breki.

Nakuonea huruma, kweli nakuonea. Mtu aliyebeba machela kwenye mvua akaapa haitatokea tena si mtu mbaya. Ulitaka gari linalofika. Lakini wewe, ukiambiwa gari lina mambo mawili, kwenda na kusimama, ukanunua moja ukaliacha lingine Arusha! Mimi si fundi, kwa hiyo barua yako nilimsomea dereva wetu wa hapa kituoni, Baba Hanifa, ambaye ameendesha malori tangu mimi nasuka nywele za shule. Alikuwa anakunywa chai. Nilipofika kwenye vipande vya mninga akaweka kikombe chini. Nilipofika kwenye mpira uliovutika akasema, "Huyo ashuke sasa hivi, asilipeleke hata gereji, fundi alifuate lilipo." Anasema tairi lile ni zito, breki zako zilitengenezwa kwa tairi dogo, na mti ukilowa na kukauka unanywea, bolti zinalegea, siku moja ekseli inasogea uko katikati ya kona. Anasema mpira ule hautakuonya mara ya pili. Jumanne ndiyo ilikuwa onyo.

Unaniuliza ufanyeje kana kwamba hujui. Unajua. Unajua tangu siku ya kwanza uliyosema "akina mama, shukeni." Mtu anayeliamini gari lake hawashushi watu. Ulishaamua kwamba gari halifai kubeba binadamu, ukabaki na kazi moja tu, kulisema, na hiyo ndiyo iliyokushinda. Na watoto wako je? Kila unaposhuka peke yako unasali, Vailet naye anamsubiri baba. Au wewe si abiria?

Haya, nisikilize. Gari halisogei. Toa matairi, toa mbao, rudisha springi chini, weka mpira mpya wa breki, urudishe matairi yako ya zamani. Baba Hanifa anasema kwenye tope ufunge cheni magurudumu ya nyuma, madereva wa milimani wamepita hivyo kabla wewe hujazaliwa. Kama hakupitiki, hakupitiki, mbaazi zingoje.

Filbert usimwendee na lawama. Mwite mlale chini ya gari wote wawili, mwonyeshe mpira, umweleze ya Jumanne kama ulivyonieleza mimi. Halafu mwulize: "Shemeji, ungemlaza dada yako humu, ana uchungu, tushuke naye kwa Melkiadi?" Ukishauliza, nyamaza. Akiwa fundi, ataomba spana. Akinuna, anune, kununa hakujamtumbukiza mtu korongoni. Na Mektilda umwambie wewe kwa mdomo wako leo, kama hajakujua tayari. Mwanamke anayesikiliza kipindi hiki hata akiwa na homa, unadhani hakukutambua kwenye mninga?

Sasa Xaveria, ndiye aliyeninyima usingizi. Wote ninyi, wewe na Theophil na koti lake, mmekaa mnangoja uchungu uanze ndipo mtafute gari. Kwa nini? Mama ambaye tayari alipasuliwa na ana tarehe mkononi hangojei uchungu juu ya mlima. Leo bado anatembea. Ashuke kwa Melkiadi kwa miguu yake, polepole, ameshikwa mkono na wanawake wawili, mmoja wao awe mkeo, godoro na mtungi mbebe ninyi wanaume. Barabara kubwa magari mengine yapo. Akae mjini, Singe au popote alipo ndugu, na kama hana ndugu nesi amweleze pa kungojea karibu na hospitali. Siku ikifika awe na mwendo wa dakika chache tu mpaka wodini. Hahitaji Kifaru. Alihitaji mtu wa kumwambia mapema.

Jogoo mrudishie Theophil, au mchinje mle wote siku mtoto akiletwa nyumbani, hilo sina ushauri.

Nimalize na hesabu moja. Barua umeiandika tarehe mbili. Posta imenifikishia tarehe kumi na tatu, mvua hizohizo. Zamu yako hewani imeangukia leo, tarehe kumi na tisa. Nesi ameandika ishirini na nne, na mtoto hajui kusoma kalenda, anaweza kuamua usiku huu. Kwa hiyo mambo ya Filbert ni kesho, ya matairi ni kesho kutwa. Muziki tunaouweka baada ya hapa usiusikilize. Zima redio, vaa viatu, nenda kwa Theophil, na ukifika mlangoni usianze na habari za nyumbani. Anza na breki.