Mgeni Ambaye Hakuita Langoni

Wambui wangu,

Pole na joto la Magadi. Huku Noonkopir tuko salama, na ng'ombe amezaa ndama wa kike.

Uliniuliza kwa nini siku hizi mgeni akija namshika mkono na simwachilii upesi, mpaka unaona aibu.

Ilikuwa wakati wa korona. Guka yako, mume wangu, tulikuwa tumemzika majuzi, soko limefungwa, nyanya zinaozea shambani. Moyoni nilitaka kuuza shamba, lakini sikuwa nimemwambia mtu. Tulikuwa tunangoja afisa aje kukagua mashamba yatakayopewa msaada na serikali.

Mchana mmoja nikaona mwanamume amevaa barakoa, tayari yuko ndani. Unajua lango letu, lazima uliinue kwa goti ndio lifunguke, kwa hivyo kila mgeni huita. Huyu hakuita. Mbwa hakubweka, alijilaza tu miguuni pake. Akapita katikati ya nyanya polepole, akafunga ule mfereji unaovuja, akasema kwa sauti ya chini, "Usiuze. Msaada utakuja." Akaenda.

Siku chache baadaye mtu akaita langoni. Alikuwa afisa. Nikamwambia mwenzake alishapita.

"Mwenzangu gani, shosho? Huku niko peke yangu."

Msaada ulikuja na shamba bado ni letu. Lakini siku hizo tulikatazwa kusalimiana kwa mikono, na mpaka leo sijui kama mkono wa yule mtu ulikuwa na joto.

Ukija Krismasi, ita kwanza, hata kama unajua kulifungua lango. Kisha nipe mkono.

Shosho yako