Marigu Asisimamishwe Kusoma

Winnipeg, Kanada

Kwa kaka yangu mpendwa Njeru, na kwenu nyote mtakaoketi nyumbani kwetu Manyatta Jumapili baada ya ibada,

Nawasalimu kwa heshima, wakubwa kwa wadogo. Mama anaendeleaje na magoti yake? Je, mvua iliyawahi maua ya kahawa, au imekawia tena? Mimi ni mzima. Huku theluji imefunika hata uwanja wa shule ninakofanya kazi ya kumsaidia mwalimu, na asubuhi nikiutazama weupe ule hukumbuka ukungu wetu unaoteremka kutoka Mlima Kirinyaga, tukiwa shambani tunaitana kwa majina ili kila mtu ajue mwenzake yuko mstari gani.

Nimeandika kwa Kiswahili, nikakiacha Kiembu chetu kando, ili wakwe zetu kutoka Ruiri, wazazi wa wifi yangu Karimi, nao wasikie kila neno. Naomba Njeru aisome barua hii mwenyewe kwa sauti, na binti yake Marigu aketi karibu na nyanya yake.

Kaka, uliniambia kwa simu kwamba Marigu amefika gredi ya nne na bado hawezi kusoma ukurasa mmoja. Kwamba tumbo humuuma kila asubuhi ya shule na kupona Jumamosi. Na kwamba muhula ujao utampeleka bweni kule Ruiri, katika shule inayosifiwa kwa ukali. Ukaongeza kwamba Jumapili utamsimamisha asome mbele ya wote, "waone wenyewe kama nasema uongo." Siku ile sikukujibu. Nakujibu leo kwa sababu ya jambo lililonipata kazini.

Majuzi alikuja mkufunzi kutuonyesha namna darasa linavyokuwa kwa mtoto ambaye ana akili timamu lakini herufi hazimtulii machoni. Alitugawia ukurasa ambao herufi zake zilikuwa zimegeuzwa, nyingine hazipo, na maneno yameunganishwa mahali yasipopaswa. Akanitaja mimi kwanza.

Mnanijua. Ndimi niliyekuwa nikikariri mashairi siku ya wazazi hadi mwalimu mkuu akaniomba niwaachie wengine nafasi. Nilisimama bila wasiwasi. Neno la kwanza likaniponyoka. La pili nikalibahatisha.

"Haraka kidogo," mkufunzi akasema, akigonga meza kwa kalamu. "Wenzako wanakungoja."

"Nipe muda."

"Neno hilo umelisoma sasa hivi, mstari wa juu. Hulioni, au hutaki?"

Wenzangu ninaokunywa nao chai wakacheka. Nilijua fika kwamba ni igizo, lakini masikio yaliwaka moto, na nikajisikia nikisema, "Naomba kwenda msalani, tumbo linaniuma." Na kaka, lilikuwa linauma kweli.

Baadaye alituomba radhi, akatusomea ukurasa uleule kwa sauti, polepole. Ilikuwa hadithi ya mzee na mizinga yake ya nyuki. Alipouliza maswali niliyajibu yote, tena kwa urahisi. Mimi niliyejibu ndimi yuleyule niliyekuwa nimetorokea msalani dakika chache kabla.

Nikirudi nyumbani nilikuwaza wewe, Njeru, na msimu ule wa kahawa ulipotaka kuwahi mpira. Uliyapurura matawi yote, punje mbivu nyekundu na mbichi za kijani pamoja, ukajaza debe kabla ya kila mtu. Karani wa kiwanda akachungulia ndani, akasema, "Huyu ameleta mboga." Ukatandika gunia chini, ukaanza kuchambua, na wenzako wakarudi kutoka mpirani wakakukuta hapohapo. Baba, Mungu amlaze pema, aliketi kando yako akachambua nawe bila makelele. Mwishowe akaokota punje moja, akakuonyesha.

"Hii ya kijani ilikukosea nini? Tawi ni moja, lakini kila punje na siku yake. Mti wa kahawa hauchumwi mara moja. Tunaurudia."

Na tuliurudia, wiki baada ya wiki. Natamani leo ningesikia punje zikidondoka ndani ya debe tupu.

Marigu naye anahitaji kurudiwa. Asomewe maswali kwa sauti. Apewe muda. Asitajwe wa kwanza. Muulize mwalimu wake kuhusu watu wa mjini Embu wanaopima watoto wenye shida kama hii, uende naye, umshike mkono. Ukali wa bweni utampa tumbo lilelile, na huko hatakuwa na nyanya wa kumkanda.

Tena kumbuka jina alilobeba. Kwa desturi yetu ni jina la Mama, ndiyo sababu wewe humwita "maitu", mama yangu. Je, ungemsimamisha Mama mbele ya wakwe, umpe kitabu, ungoje ashindwe?

Nawasalimu wazazi wa Karimi, ambao najua walipendekeza shule ile kwa upendo. Nisalimieni Karimi mwenyewe, anayeamka kabla ya jogoo. Mjomba Nyaga, mpasua kuni wetu. Na shangazi wa Runyenjes, ambaye bado ana kikapu changu.

Ombi langu la mwisho ni hili. Tangu magoti yamzuie Mama kwenda kanisani, Marigu humsimulia mahubiri kwa Kiembu kila Jumapili, na uliniambia haachi hata kikohozi cha mhubiri. Mama hakisikii Kiswahili vizuri. Mkimaliza barua hii, mtu mzima yeyote asimweleze. Mwacheni Marigu amweleze, akiwa ameketi, nanyi mnyamaze hadi afike mwisho. Hapo ndipo muamue juu ya bweni.

Marigu, maitu, mimi nimemaliza. Nyanya anakungoja. Usiruke ile ya mboga, hata baba yako akikukonyeza.

Ni mimi, dada kwa Njeru na tata yako, Marigu, yaani shangazi yako,
Wawira