Fundi Aliyewapima Nyoka Kiuno

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unishike mkono maana maji yamenifika shingoni, na najua hata nikikuomba usicheke utacheka tu, ila ukimaliza kucheka nisaidie, kwa sababu mke wangu anarudi Jumamosi ya wiki ijayo na mimi kila siku namdanganya.

Mimi ni fundi cherehani, nina duka la chumba kimoja mbele ya nyumba yetu, na mke wangu ni mtunza nyoka kwenye bustani ya wanyama, na chumba cha nyuma anafuga boa wake mwenyewe, yule nyoka mnene asiye na sumu, ana kibali na kila kitu, na miaka minne amehangaika apate watoto kwa boa huyo bila mafanikio. Sasa mama mkwe akafanyiwa upasuaji wa jicho moja na la pili likapangiwa baadaye, mke wangu akaenda kumuuguza kwa mwezi mmoja, akaniachia boa na mimba yake akisema nisiwe na wasiwasi, boa atazaa yeye mwenyewe akisharudi, lakini boa hakupewa hiyo ratiba, siku ya tatu tu naingia na chai yangu mkononi nakuta vitoto kumi na kimoja vinatambaa, maana boa hatagi mayai, anazaa, na kila kimoja unene wake ni wa penseli.

Nikampigia mke wangu, na Shangazi, alilia kwa furaha, nilimsikia kabisa, halafu akaanza kunipa maelekezo, na hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu nilikuwa nakata suti ya bwana harusi, simu nimeibana kwa bega, na kila alichosema nikawa najibu naam, sawa, nimeelewa. Nilichoshika ni kwamba nisiwape chakula mpaka wajivue gamba la kwanza, na kwamba kwenye friza kuna vitoto vya panya vya siku moja, vyekundu, havina hata unyoya, niviyeyushe kwenye maji ya uvuguvugu. Mengine yalipita, na hata aliponiuliza kama nina swali nikamjibu kwamba nimelea watoto watatu wa binadamu, vijinyoka vitanishindaje.

Gamba walijivua baada ya siku tisa. Kila mmoja nilikuwa nimemweka kwenye kisanduku chake cha vifungo nilichokitoboa matundu, basi nikayeyusha panya kwenye kikombe juu ya meza ya pasi, ambapo mteja mmoja alikaribia kukinywa na mpaka leo hajaja kuchukua gauni lake, nikawagawia, na watatu wakala. Nilifurahi mpaka nikawatoa hao watatu, nikachukua futi yangu ya kupimia nguo, nikawapima kiuno nione wameongezeka kiasi gani, najua nyoka hana kiuno, nilipima pale katikati, na jioni hiyo hiyo wote watatu wakatapika. Tangu hapo hakuna anayekula. Nawachungulia kutwa, kila nikimaliza mshono mmoja nafunua vifuniko, nawapima asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, na yule mdogo kuliko wote, ninayemwita Uzi, kapungua milimita tatu. Nimejaribu yai, nimejaribu nyama ya kusaga, nimejaribu hata kumfungua mdomo kwa ile sindano butu ya kupitishia lastiki, nikaogopa nikaacha.

Mke wangu anapiga kila jioni kuuliza kama wamekula, nami najibu wamekula. Juzi akauliza na yule mdogo je, nikasema huyo ndiye mlafi kuliko wote. Mama mkwe naye, jicho limefungwa bandeji, akaomba simu anipongeze. Nikisema ukweli mke wangu atapanda basi la kwanza na kumwacha mama yake kabla ya jicho la pili, na Uzi akifa sijui nitamtazamaje usoni. Halafu kuna jambo jingine, nalisema kwako tu. Miaka yote hii nimekuwa nikiitania kazi yake mbele za watu, hata ukweni, nasema mke wangu analipwa kwa kuwatupia nyoka panya, kazi ambayo mlinzi wa geti angeifanya huku anasinzia. Yeye hucheka. Sasa nimwambieje kwamba imenishinda?

Ni mimi, Fundi, Baba wa Kumi na Mmoja.

*

Fundi, marahaba. Barua yako imeruka foleni kwa sababu ya Uzi, si kwa sababu yako. Nimecheka kama ulivyotabiri, mhariri wangu naye amecheka, sasa tumemaliza.

Tuanze na nyoka, maana wao hawana kosa. Mimi siwajui, kwa hiyo nilimpigia mtu aliyewatunza nusu ya maisha yake nikamsomea ulichoandika. Tulipofika kwenye futi aliniomba nirudie, alidhani simu inakatakata. Anasema watoto wako hawana ugonjwa, wanakuogopa wewe. Nyoka mdogo namna hiyo anajiona chakula cha kila mtu, na ukimfunulia kifuniko mara kumi kwa siku na kumzungushia futi, hana sababu ya kudhani unampima tu. Na nyoka aliyetoka kula akishikwashikwa hutapika. Anapaswa kuachwa siku mbili nzima baada ya mlo, wala si wewe wa kwanza kulijua hilo kwa kuchelewa.

Basi futi irudi shingoni mwako na ibaki huko. Siku tano usimguse hata mmoja, badilisha maji tu. Kila kisanduku kiwe na karatasi iliyokunjwakunjwa ya kujifichia, upande mmoja uwe na joto la wastani, na juu ukifunike kwa kitambaa, vipande unavyo tele. Siku ya sita, jioni, mpe kila mmoja kitoto cha panya kisichozidi unene wake mwenyewe, kikiwa bado na uvuguvugu, funga, ondoka, na usichungulie mpaka asubuhi. Waliotapika hawapewi chochote mpaka zitimie siku kumi kuanzia leo, na wakianza waanze na kidogo. Yai na nyama ya kusaga kaanga ule wewe. Hiyo sindano ya lastiki sitaki kuisikia tena.

Kuhusu Uzi, mtaalamu wangu anasema mtoto wa boa huzaliwa na akiba tumboni, hafi hata akikaa wiki kadhaa bila kula, lakini milimita tatu si za kupuuza. Upo ujanja wa kumsugulia panya harufu ya mjusi wa ukutani ili mtoto mgumu apate hamu. Ila utumike lini, kwa nani, na kama visanduku vyako vya vifungo vinafaa, alisema hawezi kuamua kwa nyoka asiowaona. Wa kuamua ni yule aliyemhangaikia mama yao miaka minne, na huyo anakupigia kila jioni kukuuliza, nawe unamwambia hakuna tatizo. Uongo wako ndio unaomnyima Uzi daktari wake.

Na usimfanye mama mkwe kisingizio. Mkeo hajasema atapanda basi, umemsemea. Anaweza kukaa kando ya kitanda cha mama yake na kukuelekeza hatua kwa hatua, kama alivyofanya siku ya kwanza, na ungemsikia kama ungeweka mkasi chini. Unachokilinda ni maneno yako ya ukweni. Mficha uchi hazai, Fundi. Nami nimeolewa, kicheko cha mkeo nakifahamu. Sisi wake hatucheki hivyo kwa sababu tumefurahi, tunacheka ili mume asiaibike mbele ya ndugu zetu. Kwa kweli hapo ndipo uliponiudhi, kuliko hata kwenye futi.

Nakuonea huruma pia, kwa sababu mtu asiyejali asingemwita nyoka jina wala kujua kapungua milimita ngapi. Basi leo usisubiri apige. Mpigie wewe, mchana huu. Funga mlango wa duka, kaa mbali na cherehani, shika kalamu na ufungue ukurasa mpya wa daftari. Usianze na salamu za mtaa mzima. Mwambie hawajala, mwambie umemdanganya tangu siku ile walipotapika, na la futi uliseme pia hata likikuchoma. Atakasirika, na hiyo ni haki yake, nyamaza mpaka amalize. Kisha mwambie, "Kazi yako siiwezi. Nifundishe." Andika kila neno atakalosema. Na kabla hujakata simu, omba akupe mama yake, umwambie hivyo hivyo.