Baba Hataki Kuachia Usukani

Jumatatu, 3 Machi

Baba amegonga nguzo ya geti tena. Mara ya pili mwaka huu. Bampa imening'inia kama mdomo wa mtu aliyenuna. Nimemkuta amesimama mbele ya nguzo, mikono kiunoni, anaikagua. Kasema imekaa vibaya. Nguzo! Imekaa pale tangu sijazaliwa.

Nikamwambia twende ukapime macho. Akaniuliza mimi usukani nimejulia wapi. Haya — alinifundisha yeye. Miaka thelathini na minane ya lori, hajakanyaga hata kuku. Nayajua hayo kama jina langu. Kutwa nzima nafundisha watu wazima na akili zao kurudisha gari nyuma, nao wananisikiliza. Nikivuka kizingiti cha nyumba hii, nina miaka tisa.

Jumatano, 5 Machi

Amekubali kwenda hospitali. Kwa sharti aendeshe yeye. Nikakataa, tukachukua teksi. Njia nzima akamkosoa dereva: gia, kona, breki. Mtu wa watu akaongeza sauti ya redio.

Kwa daktari aliingia peke yake. Akatoka na karatasi imekunjwa mara nne, akaitia mfuko wa shati. Daktari kasemaje? Kasema macho yangu yana umri wangu. Nikaomba karatasi. Barua yangu, kasema, na mada ikafungwa.

Alhamisi, 6 Machi

Shati lilikuwa kwenye kapu la nguo chafu. Karatasi bado mfukoni. Nimeisoma.

Presha ya macho. La kulia limekwisha, halirudi. La kushoto linafuata. Asiendeshe gari — daktari amepiga mstari chini ya "asiendeshe", mara mbili.

Nimempigia kaka yangu. Yuko mbali, na ana busara za watu walio mbali. Mwache mzee, usimvunje moyo. Nikamwambia basi njoo ukae wewe kiti cha mbele. Simu ikaanza kukwaruza. Huwa inakwaruza hapo hapo.

Jumapili, 9 Machi

Jana nilichukua funguo za gari, nikazitia kwenye mkoba wangu. Leo saa nne asubuhi gari halipo. Ana za akiba, bila shaka. Walirudi saa saba, yeye na Mama, mifuko ya sokoni imejaa.

Nikambana Mama jikoni.

"Unapandaje gari lake na unajua haoni?"

Akaendelea kupanga vitunguu. "Mimi naona."

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtu kuwasha jiko. Yeye humwambia: taa nyekundu hiyo. Baiskeli kushoto. Punguza, kuna mama anavuka. Baba huitikia: nimeiona. Kila kitu yeye ameshakiona. Mwaka mzima sasa wanakwenda hivyo. Mwaka mzima! Na mimi nadhani Mama yuko upande wangu.

Nikapandisha sauti. Na siku ukisinzia? Na mtoto wa mwenzio akichomoka ghafla, utamaliza kusema "mtoto" saa ngapi?

Akaweka kitunguu chini.

"Ukimnyang'anya gari, mwanangu, wewe kesho unakwenda kazini. Mimi ndiye nitakayebaki naye humu ndani."

Nikachukua kisu, nikaanza kumenya vitunguu. Hasira bado ninazo.

Jumanne, 11 Machi

Nimesema. Mezani, Mama akiwepo. Karatasi nimeisoma, Baba, yote.

Akanywa chai mpaka ikaisha. Kisha: umepekua mfuko wangu.

Katika yote hayo, hilo ndilo alilosikia. Macho si kitu, mistari miwili ya daktari si kitu — mfuko! Nikasema ndiyo, nimepekua. Akasema yule daktari mtoto mdogo, na mashine yake mbovu. Nikasema basi nitakwenda ofisi ya leseni niwaambie mwenyewe.

"Nenda. Nitakupeleka."

Mama akacheka. Nusura nami nicheke, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Ijumaa, 14 Machi

Saa tatu, shuleni kwetu, shule ya udereva ninakofundisha. Benchi la wanafunzi wapya: vijana wa miaka kumi na minane, simu mikononi, na katikati yao Baba. Kavaa suti. Amejiandikisha. Katibu wetu ndiye aliyemjazia fomu, naye hakuniambia kitu.

Anataka apimwe upya, tangu mwanzo, kama mtu yeyote. Alisema hivyo kwa sauti, benchi zima likasikia. Nikishindwa, gari hilo uza. Nikishinda, karatasi za daktari sitaki kuzisikia tena. Halafu akaniita Mwalimu. Sikujua nitazame wapi.

Kabla ya gari kuna ubao wa herufi. Unasimama kwenye mstari mwekundu, unaziba jicho moja, unasoma ninapoonyesha kwa fimbo. Nimekimbilia mezani kwangu. Naandika haya kwa sababu mikono imekosa pa kukaa.

Kupitia kioo cha mlango nakiona chumba cha ubao. Baba ameshaingia, kabla ya zamu yake. Yuko peke yake. Pua karibu inagusa ubao. Midomo inacheza. Anarudi nyuma hatua mbili, anafumba macho yote, anataja mstari mzima, kisha anasogea tena kuhakikisha.

Anazikariri. Juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia. Ndivyo tunavyowauliza wote, na lazima katibu kamwambia.

Namba yake imeitwa. Kasimama kwenye mstari mwekundu, mgongo umenyooka, kiganja juu ya jicho la kushoto. Anangoja.

Katibu amechungulia: Mwalimu, mzee yuko tayari.

Fimbo ninayo. Naweza kuanza na herufi ya kwanza, kama siku zote. Au nianzie katikati.