Msitu wa Bibi Ernesta

Jumatano, 15 Februari 2023

Mtaalamu wa mradi amefika. Kijana mpole, anaitwa Gideoni, ana pikipiki na simu yenye ramani. Biashara ya hewa ukaa, anasema. Viwanda vya nchi za mbali vinatoa moshi, miti yetu inaunywa, wenye viwanda wanatulipa tusiikate. Mzee mmoja kauliza kama miti haitalewa. Tumecheka mpaka basi.

Mimi ni katibu wa kamati ya ardhi, kwa hiyo kalamu ilikuwa yangu. Kitalu Na. 1 na Na. 2 havikuwa na ubishi. Ule ni msitu tangu babu zetu. Shida ikawa katikati yake. Kwenye picha ya angani kote ni kijani, lakini kipande cha kati hakikuwa na mtu wa kukisemea. Gideoni kasema kisipoingia, msitu unakatika mara mbili, na mradi hauchukui msitu uliokatika. Mradi usipokuja, hakuna pesa ya kujenga madarasa mawili ya shule. Mwenyekiti Awadhi akanigeukia. Wengine wote nao.

Kile kipande ni kwa Bibi Ernesta. Shamba la ukoo wetu, upande wa mama.

Gideoni akasoma swali kwenye simu: eneo hili limelimwa katika miaka mitano iliyopita? Nikasema hapana. Na ni kweli! Tunalipumzisha tangu 2015. Muhogo uliichosha ardhi, tukaiacha irudi kichaka, ipate nguvu, ilimwe tena. Hata mtoto wa darasa la pili hapa kijijini anajua kwamba kichaka cha namna hiyo ni shamba lililolala. Gideoni hakuuliza kama litaamka. Mimi sikusema.

Nikaandika: Kitalu Na. 3, msitu wa asili. Mwandiko mzuri kweli. Wakapiga makofi.

Nitampigia dada Dorika Jumapili. Shamba ni lake na watoto wake — kwetu ardhi inafuata mwanamke, mjomba ni mlinzi tu. Lakini Dorika yuko Mkunya huko Newala, mumewe ana mikorosho mia na ishirini. Ana shida gani?

Jumapili, 19 Februari

Sijampigia. Vocha imeisha.

(Ipo.)

Jumanne, 4 Julai

Shemeji Charles, mume wa Dorika, amefariki. Presha. Alianguka shambani na mashine ya kupulizia mikorosho salfa mgongoni. Tunapanda Mkunya alfajiri, mimi na mke wangu Helena. Mungu amlaze pema. Sikuweza kulia vizuri, mawazo yalikuwa kwingine.

Alhamisi, 7 Septemba

Wamekuja. Dorika, mwanawe Huruma wa miaka kumi na tisa, wadogo wawili, magodoro, kuku sita na majembe matatu. Gari lilikuwa la msaada, la dereva wa Chiungutwa aliyemjua marehemu.

Dorika kaeleza yote akiwa anamenya muhogo, bila kuinua sauti. Arobaini ilipokwisha, wapwa wa Charles walikuja kwa adabu zote. Mikorosho ya mjomba wetu, wakasema, na ndiyo desturi. Hakubishana nao. Salfa alipulizia Dorika mwezi wa sita, na baada ya msiba akamalizia yeye. Korosho wanaokota wao. Nimesema ni dhuluma. Akanitazama kama mtu aliyesikia mtoto akikosea jedwali la mbili.

"Si dhuluma, kaka. Wao wana mjomba wao, na wanangu wanaye wao."

Halafu akasema anataka kufungua kwa Bibi Ernesta mwaka huu. Miaka minane inatosha. Muhogo, kunde, mbaazi kidogo, na miche ya mikorosho pembeni ili watoto wawe na chao.

Ilikuwa ndiyo nafasi. Nilikuwa na sentensi kamili mdomoni. Nikasema: karibuni nyumbani.

Jumatatu, 11 Septemba

Wameanza kufyeka. Nimesikia panga zao kuanzia saa kumi na mbili nikiwa napiga mswaki. Nimewafundisha darasa la tano hesabu za sehemu leo, nimekosea mimi mwenyewe ubaoni. Watoto wakasahihisha kwa furaha kubwa.

Helena anajua. Alikuwa kwenye mkutano ule wa Februari, kakaa na akina mama wenzake, kapiga makofi nusu. Leo wakati wa chakula kauliza kama nimeshasema. Nikamwambia natafuta wakati mzuri. Akasema, Baba Cyril, wakati mzuri ulikuwa Februari. Kaendelea kula.

Jumapili, 17 Septemba

Kanisani. Padre ametangaza kwamba madarasa yameanza kuchimbwa msingi, na kwamba tumshukuru Mungu na tumshukuru Mwalimu Cuthbert aliyesimama na kijiji. Makofi. Vigelegele.

Aliyepiga vigelegele kuliko wote ni Dorika. Alisimama kabisa. Baadaye nje kanishika mkono mbele za watu, anasema mama angekuwepo angecheza. Nilijisikia nataka ardhi inimeze, lakini ardhi yenyewe nimeshaigawa.

Si mzaha huo. Najua nikianza kufanya mzaha ni kwamba nakimbia.

Jumanne, 26 Septemba

Walinzi wa msitu wamesimamisha bango jana. Ubao mzuri, maandishi ya kijani: HIFADHI YA MSITU WA KIJIJI, KITALU NA. 3, NI MARUFUKU KUKATA, KULIMA WALA KUCHOMA MOTO. Limesimama katikati ya alipofyeka Dorika.

Kaja kwangu jioni akitembea kwa haraka. Nikajua ndiyo leo. Kwa kweli nilipata nafuu kidogo: sasa atajua bila mimi kusema.

Wala! Anasema wamekosea mahali. Watu wa mjini hao, anasema, wameona kijani wakadhani msitu. Hakukasirika hata. Ananiomba nimwandikie barua kwa kamati ya ardhi, maana mwandiko wangu unaheshimika. Nieleze kwamba pale ni shamba lililopumzishwa, lina mwenyewe, wahamishe ubao.

Nikakubali. Nimekubali kuiandikia kamati ambayo katibu wake ni mimi, kulalamikia mpaka niliouchora mimi.

Alhamisi, 28 Septemba

Barua nimeianza mara tatu. "Mimi Dorika, mkazi wa kijiji hiki..." Nafika kwenye "kosa hili lilifanywa na" — kalamu inagoma.

Jumatano, 4 Oktoba

Awadhi amenipitia shuleni. Ni mtu mwema, lazima niseme hivyo. Kanivuta kando karibu na tangi la maji. Walinzi wameleta taarifa kwamba kuna mtu anafyeka Na. 3. Anajua ni nani. Hajaandika lolote kwa sababu ni dada yangu.

Nikamwambia ukweli wote, au karibu wote. Nikasema pale ni shamba. Akasema: "Mwalimu, na mimi nilijua. Nilikutazama wewe nikidhani una ruhusa ya ukoo."

Hilo limeniuma kuliko matusi. Walinitazama wakisubiri mjomba aseme, kama inavyotakiwa. Mimi nilidhani wananisukuma.

Nikauliza kama kipande kinaweza kutolewa. Anasema mkataba umeshasainiwa, wa miaka thelathini. Na tarehe kumi na nane wanakuja wakaguzi wa mradi, wana picha za setilaiti, hata moshi unaonekana. Kufyeka kidogo wanaweza kusamehe, miti inachipua. Moto hapana. Akichoma, ni faini au jela miezi sita, na mradi wote unaweza kusimama na msingi wa madarasa ubaki shimo. Kifungu cha nne cha sheria ndogo. Sikuhitaji kukumbushwa. Nilikitunga mimi, nikabishania hata mkato.

Anataka nimalize jambo hili nyumbani. Mpaka Jumatatu ya tarehe kumi na sita. Baada ya hapo itabidi aandikwe kwenye kitabu cha makosa. Na anayeandika, alisema bila kunitazama, ni katibu.

Jumapili, 8 Oktoba

Redio inasema mvua zitawahi mwaka huu, Elnino. Dorika kasikia pia. Majani yake yameshakauka, anataka kuchoma kabla hayajalowa, maana yakilowa mwaka umekwenda. Kauliza barua imejibiwaje. Nikasema kamati haijakaa.

Kweli haijakaa. Haina barua ya kukalia.

Nimempa Huruma debe la mahindi apeleke kwao. Kakataa kulichukua mpaka nimwambie ni la nini. Hana deni kwangu, anasema. Shikamoo mjomba, marahaba, akaenda. Nikambebea mwenyewe mpaka mlangoni kwao na kuliweka chini kama mwizi anayerudisha.

Ijumaa, 13 Oktoba

Leo nilikwenda shambani nimekusudia. Nilijiambia kabisa: nafika, nasema, naondoka.

Wamechimbua njia ya moto kuzunguka shamba lote. Upana wa hatua sita, udongo mtupu, hakuna hata jani. Bibi alivyotufundisha. Nilikuwa mdogo, nilikuwa nafagia hiyo njia kwa tawi, na Dorika ananifuata anaokota nilichoacha. Gideoni na simu yake hawajui kwamba moto wa namna hii haujawahi kuvuka kuingia msituni, hata mara moja. Hawakuuliza. Ningeweza kuwaambia hilo pia.

Huruma alikuwa anafagia. Mikono imepasuka. Wale wadogo wawili wamejengewa kibanda cha majani, wanacheza mama na baba kwenye shamba ambalo si lao tena, na ambalo si la mtu mwingine yeyote isipokuwa lao.

Nikasema, Dorika, kuna jambo. Akaweka jembe chini akasogea. Akasema hata yeye analo, tena aanze yeye kwa kuwa mimi ni mgumu kukumbuka mambo ya kwetu. Shamba la ukoo likilala miaka mingi, haliwashwi na mwanamke wala mtoto. Moto wa kwanza anatia mjomba. Asipotia yeye, chakula cha humo hakiwi na baraka, watoto watakula wasishibe. Alifanya hivyo mjomba wetu Ambrosi mwaka tuliofungua mara ya mwisho. Sasa ni mimi.

"Jumatatu asubuhi, kaka. Kabla upepo haujaamka."

Akauliza na langu lilikuwa lipi. Nikasema ni la shule, si muhimu.

Nimeandika hilo jibu hapa nilione kwa macho. Si muhimu.

Jumapili, 15 Oktoba

Nilikaa kiti cha nyuma. Sikupokea ushirika. Watu watadhani naumwa.

Jumatatu, 16 Oktoba

Saa moja na robo. Nimetoka shambani sasa hivi, nimekimbilia nyumbani. Wote wapo kule, wameoga, Dorika kavaa kitenge chake cha msiba kwa kuwa ndicho kizuri alichobaki nacho. Hakuna upepo. Aliniambia tutie. Nikapapasa mifuko, nikasema nimesahau kiberiti. Wadogo wakacheka.

Kiberiti kipo mfuko wa shati. Kinanigonga kifuani hapa nikiandika.

Nikitia moto, moshi utaonekana, na kitabu cha makosa kinaandika jina la mwenye shamba, si la aliyewasha. Nikikataa kutia, lazima niseme kwa nini. Kuna njia ya tatu? Nimeitafuta miezi minane. Niende kwa Awadhi niseme katika mkutano kwamba katibu alidanganya, mpaka ufutwe, mradi ufe ikibidi. Madarasa je? Watoto sitini wanakaa sakafuni. Na bado ukweli ni kwamba siwaogopi watoto sitini wala wakaguzi. Namwogopa mtu mmoja aliyepiga vigelegele.

Helena kapita, kanitazama, kaona mfuko wa shati. Kaenda nje na kuvuta mlango.

Nasikia hodi. Ni sauti yake.

Kaingia. Hakuja kukasirika. Kakaa kwenye kiti cha wageni, amechafuka miguu kwa vumbi la njiani. Anauliza kama kiberiti kimepatikana. Nikasema namalizia kuandika kitu, dakika moja. Naandika kweli, mkono unaendelea wenyewe. Macho yake hayaoni karibu siku hizi, haoni kilichomo. Maadamu naandika, hasemi, anaheshimu kazi ya kalamu. Tangu utotoni alikuwa hivyo, nikisoma yeye ananifukuzia nzi.

Anauliza kama ni ile barua ya kamati. Nimeitikia kwa kichwa.

Amefurahi. Anasema afadhali, basi niiandike yote leo, nisimwogope mtu.

"Na uweke jina la huyo aliyesema kwa Bibi ni msitu. Nataka nimjue. Sitamtukana, kaka. Nataka tu kumuuliza kama ana dada."

Ameinama mbele, viwiko magotini. Anatazama kalamu. Nimeandika mpaka hapa na amegundua nimesimama, anasema endelea, jina lake nani