Majaketi Mawili ya Basotu

Dongobesh. Jumanne, 3 Septemba 1957

Nimeficha jambo kwa miaka kumi. Mwaka 1947, nikiwa karani wa serikali, nilitia saini kwamba majaketi matatu ya kuelea, ya boti za ziwa Basotu, yamelowekwa majini kutwa kucha na hayakuzama. Hayakulowekwa. Siku tisa baada ya saini yangu, kijana mmoja mpiga makasia, Gidahosh, alizama akiwa amevaa mojawapo.

Basi, nimeandika. Nilidhani mkono utagoma.

Naandika kwa sababu pumzi yangu imekuwa fupi. Jana dresa wa zahanati aliniwekea sikio mgongoni, kisha akamwambia binti yangu Hajira, nje ya mlango, kwamba moyo umechoka, asinitegemee kuziona mvua. Alifikiri sisikii. Masikio ndiyo pekee yaliyobaki mazima.

Hajira hajui. Mama yake alikufa hajui.


Alhamisi, 5 Septemba

Joakimu amekuja. Ndiye karani wa sasa, kijana safi, mwandiko mzuri. Shikamoo yake ndefu, kofia mkononi. Amenipa habari ambayo sikutaka kuisikia.

Wazungu wa mashamba ya ngano wanafungua tena klabu yao ya boti Basotu. Ilifungwa tangu kifo kile. Ufunguzi ni Jumamosi ya tarehe 14, na mkaguzi anatoka Arusha. Sheria ni mpya. Kila anayekanyaga boti avae jaketi, Mzungu na mpiga makasia sawasawa. Kila boti iandikwe namba ubavuni na idadi ya watu wake. Jaketi lilowekwe saa ishirini na nne likiwa limefungiwa chuma cha ratili kumi na sita, na lisizame.

“Wameleta mapya kumi na mawili,” akasema. “Yanahitajika kumi na manne. Nikahangaika sana, mzee. Halafu nimefungua sanduku la bati stoo, nikakuta mawili! Namba kumi na namba kumi na moja. Kibandiko chako bado kipo, saini haijafifia hata kidogo.”

Nikamuuliza kama yatalowekwa.

“Ya nini? Mkaguzi anasema yaliyokwisha kupimwa na kutiwa saini, na hayakutumika, yatazamwe mishono na kamba tu. Saini yako inatosha, mzee.”

Nikamwambia ayatupe. Akacheka.

“Mali ya serikali haitupwi bila sababu iliyoandikwa. Wewe ndiye uliyetufundisha hivyo. Niandikie sababu, nitayachoma leo leo.”

Nikasema nitafikiri. Aliondoka akidhani mzee anatania.


Ijumaa, 6 Septemba

Sikuweza kwenda msikitini. Nimeswali nimekaa.

Niandike juu ya pamba.

Majaketi yalitoka jeshini baada ya vita. Ndani yalijazwa sufi. Panya wakatoboa matatu. Ikaja barua: yarekebishwe kwa sufi safi kabla ya ukaguzi. Huku juu hakuna msufi hata mmoja. Kuagiza pwani ni miezi miwili, na mkaguzi wa wakati ule alikuwa anakuja baada ya wiki tatu. Nikayapeleka kwa Hamis, fundi cherehani, aliyekuwa barazani karibu na duka la kaka yangu. Alikuwa na gunia la pamba ya magodoro kutoka Jimbo la Ziwa.

Akaniuliza, “Karani, hii si ni ile ile? Nyeupe, laini.”

Hamis alizaliwa Kondoa. Hajawahi kuuona msufi. Watu wa huku kila kinachojaza mto wa kulalia wanakiita pamba, basi. Kosa lake lilikuwa la kutojua.

Mimi nilizaliwa Pangani. Mama alikuwa akipura sufi uani kwa fimbo, na sisi watoto tukiitupia mtoni kuona ya nani itafika mbali. Inaelea siku nyingi. Pamba hunywa maji, ikishiba inakuvuta chini. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma.

Nikamwambia Hamis: ile ile. Shona.

Kwa nini? Nilikuwa nimekwisha kupeleka barua kwamba kazi imekamilika, kwa sufi. Niliipeleka mapema ili nisifiwe kwa wepesi. Miaka zaidi ya thelathini ya ukarani, chini ya Mjerumani na chini ya Mwingereza, sikuwahi kuirudisha barua yangu na kusema nimekosea. Sikutaka kuanza.

Ndiyo sababu. Nimeitazama kwenye karatasi na ni ndogo kuliko nilivyofikiri.


Jumapili, 8 Septemba

Nicodemo amekuja kwa miguu kutoka Tlawi. Nimejaribu kujifanya nimelala, Hajira akamkaribisha mpaka kitandani.

Nicodemo ndiye aliyekuwa mtunza boti. Kesi ya kifo cha Gidahosh ilimwangukia yeye. Walisema aliyaweka majaketi mahali penye unyevu mpaka yakaoza. Alifungwa mwaka mmoja na nusu. Mkewe akarudi kwao. Mpaka leo Basotu wakimwona wanasema yule mzamisha watu.

Na kila mwaka anakuja kuniona, kwa sababu mimi niliyekuwa mkalimani wake mahakamani nilimwandikia pia barua ya kuomba apunguziwe kifungo.

“Shikamoo, karani.”

“Marahaba. Umekonda.”

“Nani amekonda? Wewe umebaki mifupa na miwani.” Akaweka mfuko wa viazi chini. “Hajira, mpe baba yako viazi vya Tlawi, hivi vya Dongobesh vina maji.”

Hajira akamjibu kwamba vya Tlawi ni vizuri kwa kuchongea vijiti vya meno. Wakacheka. Mimi nikakohoa.

Kisha akasogeza kiti. Mwanawe, Sebastiani, amepata kazi. Mpiga makasia, Basotu! Joakimu amemwandika bila kujali jina la baba.

“Nilikataa kwanza,” akasema. “Nikamwambia ziwa lile limekula jina langu, lisikule na wewe. Akaniambia baba, siku hizi kila mtu anavaa jaketi. Na langu ni namba kumi, lina saini ya rafiki yako. Basi nikanyamaza. Nikasema kama ni mkono wako, Halfani, sawa.”

Nilikuwa na nafasi kama mlango uliofunguliwa wote, na sikusema kitu.

Akaendelea, maana akianza hasimami. Akasema hana kinyongo na mimi wala na Hamis fundi. “Mimi siku ile niliwaambia yote kwa Kimbulu, maneno yote, nawe uliyasema vizuri kwa Kiswahili, niliona mdomo wako unakwenda. Kiswahili mwenyewe sikukijua. Hiki nilipewa bure gerezani. Lakini hakimu yule alikuwa na masikio ya jiwe.”

Hajira akasema, “Masikini.”

Ameondoka alasiri. Viazi sijavigusa.


Jumatatu, 9 Septemba

Homa. Kifua. Siku tano zimebaki.


Jumatano, 11 Septemba

Nimempelekea Joakimu kijikaratasi: Majaketi namba 10 na 11 yamezeeka, yasitumike.

Jibu limekuja jioni, kwa mwandiko mzuri. Anashukuru kwa uangalifu wangu. Mkaguzi amekwisha kuyaona jana. Amevuta kamba, ametazama mishono, amesema fundi huyu alishona kama kwa jeshi. Uzee si sababu kwa sheria mpya, sababu ni kuzama. Je, nina ushahidi kwamba yanazama? Kama ninao, niuandike na nitie saini.

Chini ameongeza, ili kunifurahisha: Sebastiani alilijaribu namba kumi mbele ya wenzake, wakamwuliza miezi mingapi imebaki, na kama ni mapacha.

Nimemwona akilini yule kijana amesimama, anacheka, amefungwa pamba kifuani.

Gidahosh pia walimtania. Alikuwa Mbarbaig wa upande wa Gendabi, mrefu, hakujua kuogelea. Nani huko tambarare anajua kuogelea? Upepo wa mlima Hanang ulishuka ghafla, boti ikapinduka, Wazungu wawili waliokuwa na majaketi ya sufi wakaelea kama vibuyu. Yeye alielea kidogo. Waliokuwa ufukoni walisema alipiga kelele kwamba jaketi ni zito. Siku ya tatu mama yake alikuja, bangili za shaba mpaka kwenye kiwiko, akasimama kwenye matope kutwa. Hakuniuliza kitu. Ndugu zake hawakunywesha ng'ombe upande ule mwaka mzima.


Ijumaa, 13 Septemba

Nimeandika barua mara nne. Tatu zimeingia motoni.

Ya kwanza ilisema panya. Ya pili ilisema fundi alikosea – na Hamis amekufa, hawezi kujibu. Niliisoma mara mbili, ni barua nzuri, ingepita. Ndiyo maana niliichoma kwa mkono wangu badala ya kumpa Hajira. Ya tatu ilianza kwa salamu na haikufika popote.

Ya nne ni hii: Majaketi namba 10 na 11 yamejazwa pamba, si sufi. Nilijua. Niliamuru mimi. Sikuyaloweka. Mtu akiyavaa atazama. Halfani, aliyekuwa karani.

Mistari mitano. Saini haifanani na ile ya kwenye kibandiko. Nimeogopa Joakimu ataikataa kwa hilo.

Hajira ameisoma. Sikumzuia. Akakaa kitako sakafuni. Akauliza kama hili ndilo lililokuwa likinifanya nisile. Nikasema ndiyo. Akasema, “Basi kesho asubuhi napanda lori la ngano, naipeleka mwenyewe. Boti zinashuka saa nne.” Hakunitazama usoni tena.

Nilipaswa kumwambia ndiyo, na bado kuna jingine. Nikasema ndiyo tu.


Jumamosi, 14 Septemba

Lori lilichelewa. Lilikuja karibu saa moja badala ya saa kumi na mbili. Hajira amekaa juu ya magunia, barua ameifunga kwenye pindo la khanga. Njia ya Basotu ni mbovu, na dereva ni mtu wa kusimama kila penye chai. Nimehesabu. Atafika saa nne, au saa nne na nusu. Nimehesabu tena.

Saa mbili. Nicodemo yuko hapa.

Alitoka Tlawi tangu alfajiri ili aende kumwona mwanawe akipiga kasia mbele ya wakubwa. Alilikuta lori linaondoka, halina nafasi. Hajira alimpigia kelele kutoka juu kwamba majaketi yale ni mabovu, baba ameandika, anapeleka barua wamvue Sebastiani. Basi kaja mbio kwangu. Ameingia bila hodi, ameishika miguu yangu miwili, mzee mzima, analia.

“Umemwokoa mwanangu, karani. Umekuwa mgonjwa namna hii na umekumbuka mwanangu.”

Nikamwambia barua haijafika. Akasema itafika, Hajira si mtu wa kuzuiwa. Nikamwambia tena haijafika. Akaenda nje kuosha uso.

Yuko barazani sasa. Namwona mgongo wake mlangoni. Anatazama njia ya Basotu kana kwamba lori litarudi sasa hivi. Kila baada ya muda anauliza saa ngapi, namjibu.

Saa tatu na robo. Ameuliza kitu kingine, bila kugeuka.

“Karani. Kama ulijua ni mabovu, basi hata hakimu alijua. Maana niliyoyasema siku ile mahakamani uliyafikisha, sivyo?”

Nimesema ngoja, natafuta miwani. Miwani ninayo usoni. Naandika ili niyaone maneno kabla sijayatamka, kwa sababu nikianza kuyatamka kwanza nitayageuza. Najijua.

Siku mbili kabla ya ukaguzi wa 1947, Nicodemo alilifunga namba tisa kwenye jiwe akaliweka ziwani. Hakuagizwa, alifanya kwa akili yake. Lilizama. Yale mengine mawili hakuyajaribu. Alitembea mpaka ofisini kwangu na jaketi mabegani, bado linachuruzika, akaniambia kwa Kimbulu, lugha ya marehemu mke wangu, kwamba hili litaua mtu. Nikamwambia alirudishe, likauke, nitamwarifu Bwana, Mzungu mkuu wa wilaya. Sikumwarifu. Mahakamani hakimu aliuliza kama mtunza boti aliwahi kuona kasoro yoyote. Nicodemo akasimama wima, akasema, “Nililizamisha kwa mikono yangu nikaliona linazama, nikamwambia karani, na karani akamwambia Bwana.” Kila mtu akanigeukia, maana chumba kizima hakuna aliyejua Kimbulu ila sisi wawili.

Nikasema kwa Kiswahili: “Anasema hakuona kasoro yoyote.”