Tenti Iliyokosekana Nateete

Mama,

Mvua ya leo ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Nimefunga mapema kibanda chetu cha dagaa hapa Nateete, nikaketi kwenye kile kigoda chako kibovu, na sasa mgongo unaniuma kama ulivyokuwa ukilalamika wewe.

Chama chetu cha kuzikana bado kipo. Ndicho kilichokutoa hospitali ya Mulago kikakufikisha nyumbani Busia, mwenyekiti akiwa mbele kwenye gari, akilia kama aliyefiwa na dada yake. Sijasahau. Ndiyo maana haya ninayokueleza yananichoma.

Unakumbuka mikutano yetu ya mwaka. Wewe, mwanachama usiye na cheo, ndiye uliyewazoesha kukutana chini ya tenti ya chama, juu ya viti vya chama, chai ikichemka kwenye sufuria za chama. "Usituambie viko stoo, Mwenyekiti. Leta tukalie," ulikuwa ukimwambia. Watu walicheka, lakini walikalia. Kiti kilichovunjika kilijulikana papo hapo, na mwenyekiti alijieleza.

Mwaka ule ulipotutoka, alituita kwenye ukumbi kule Mengo, si chini ya tenti. Tukasimama kimya kwa ajili yako, kisha akasema kwamba, kwa heshima yako, mwaka huo hakutakuwa na maswali. Tukapiga makofi. Nilijaa fahari, Mama. Hakuna aliyewaza kwamba tunakuheshimu kwa jambo ambalo wewe usingelivumilia hata kidogo. Mwaka uliofuata tukarudi ukumbini, na kunyamaza kukawa desturi.

Kisha akafa Baba Nekesa, jirani yetu fundi viatu. Mkewe akaomba tenti. Kumbe ilikuwa imekodishwa kwenye harusi pamoja na viti, na wala haikuwa mara ya kwanza. Mvua ikanyeshea jeneza. Tulilifunika kwa turubai la sokoni, tukalishikilia pembeni, na Mama Nekesa akaniambia polepole, "Mama yako angekuwepo, hii maneno angeuliza."

Kwenye mkutano uliofuata nilisimama. Niliuliza tenti yetu ilikuwa wapi siku ile, na nani aliiruhusu itoke. Mwenyekiti akaniangalia kwa huzuni. "Binti yangu, si mimi ndio nilipeleka mama yako nyumbani?" Nilitaka kuketi, maana ni kweli, alikupeleka. Nikamwambia asante, mzee, na nikasema asante tena. Halafu nikarudia swali. Mama Nekesa akasimama, kisha na wengine.

Atabaki mwenyekiti mpaka uchaguzi, ambao sasa tumeupangia siku. Haitikii tena salamu zangu. Hilo linaniuma kuliko nilivyodhani, kwa sababu alikuwa miongoni mwa walioliteremsha jeneza lako.

Jumapili tulikutana tena chini ya tenti. Imepasuka katikati, na viti havikutosha, wengi walisimama. Hata hivyo kimoja kiliachwa wazi pale mbele, ulipozoea kukaa. Walitaka kibaki hivyo, kwa heshima yako.

Nilikitazama, nikalia kidogo. Kisha nikaenda nikakikalia.

Pumzika, Mama. Kila mwaka nitakikalia, na nitauliza.

Mwanao,
Nafula